Simulatere ya ndege ku nyumba: tusichague kwa macho tu

Sisi madelege wa sendika tunaulizwa mambo mengi yasiyo ya mine. Mutu anakuja juu ya hesabu ya saa za kuongeza, anamaliza kwa kuuliza habari ya masomo ya mutoto. Kila mara feza ya mwisho wa mwaka inapoingia na wazazi wananunua ordinatere ya okazio, swali moja linarudi: « Vié, mutoto anataka muchezo wa kuongoza avio. Kuko ya Microsoft, kuko X-Plane, kuko FlightGear. Tukamate gani? »

Wengine wanacheka swali hili. Wanasema watoto wasome kwanza, mambo ya ndege ni ya watoto wa matajiri. Mimi sicheki. Mutoto wa mwendesha kamio anayetaka kujua namna gani ndege inapanda hewani anauliza swali la ufundi, na ni ufundi ndio unatulisha katika miji yetu. Kitu kinachonisumbua ni kingine: wazazi wanachagua kwa macho. Wanaangalia video ku telefone, wanaona mawingu mazuri na jua linashuka, basi wanatoa dola. Maoni yangu ni haya: kwa nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, simulatere yenye picha nzuri kupita zote ndiyo ya mwisho ya kununua.

Mashine iliyozaliwa katika atelie

Mbele ya kulinganisha, tujue kitu hiki kinatoka wapi. Mwaka 1929, Edwin Link, mutoto wa mwenye kiwanda cha vinanda na ogani katika muji wa Binghamton, Marekani, alitengeneza sanduku lenye mabawa mafupi. Ndani mutu anakaa sawa vile piloti, na sanduku linainama kwa nguvu ya hewa, kwa mifuko na pompe zile zile za ogani. Alitaka kufundisha watu kuruka kwa bei ndogo. Wakubwa hawakumusikiliza, mashine nyingi za kwanza zilienda katika viwanja vya michezo, watu wanalipa kidogo na kujifurahisha.

Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kubeba barua kwa ndege. Mapiloti hawakuzoea kuruka ndani ya mawingu kwa kufuata vipimo tu. Kwa majuma machache walikufa zaidi ya 10. Ni kisha vifo hivyo ndipo jeshi lilinunua mashine 6 za Link. Sisi watu wa mine tunajua hadithi ya namna hii: kifaa cha kuokoa watu kiko pale, lakini kinanunuliwa kisha mazishi.

Simulatere ya ku nyumba ilikuja nyuma. Mwaka 1979 Bruce Artwick alitoa ya kwanza kwa ordinatere ya Apple II, mistari tu ku ekrani. Mwaka 1982 Microsoft ikatoa yake. Leo zinazozungumziwa zaidi ni zile 3 nilizotaja. Zote 3 zinaweza kuonyesha menyu katika kifaransa, kwa hiyo luga si kizuizi cha kwanza.

Tuzijaribu ku Luano

Video za matangazo zinaonyesha ndege juu ya New York na Paris. Sisi tuzijaribu kwetu. Mutoto anaweza kutafuta uwanja wa Luano kwa alama FZQA, na ule wa Kolwezi kwa alama FZQM. Achague Cessna 172, ndege ndogo ya viti 4, iliyotengenezwa kwa hesabu kubwa kupita ndege zote za dunia. Iko katika simulatere zote 3.

Luano iko juu, karibu metre 1.300 kupita bahari. Kolwezi ni karibu metre 1.500. Kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi, na mwezi wa kumi jua likiwaka inakuwa nyepesi zaidi. Mabawa yanapata nguvu kidogo, elise inavuta hewa kidogo, na motere inakosa pumzi. Kitabu cha Cessna kinasema hivi: ukipanda kutoka mahali palipo juu ya futi 3.000, unapashwa kupunguza esansi katika muchanganyiko mbele ya kuanza kukimbia ku piste. Luano ni karibu futi 4.300. Mutoto asiyefanya ile ataona ndege inakimbia, inakimbia, nayo haina nguvu. Pale ndipo anajifunza kwamba mwinuko wa muji wake unaingia katika hesabu ya piloti. Somo la fizike la mwaka wa 4 linakuwa kitu cha mikono.

Katika mtihani huu, simulatere 3 hazijibu namna moja.

Ile ya Microsoft ya mwaka 2020, iliyotengenezwa na watumishi wa Asobo ya Bordeaux, Ufaransa, inashinda kwa picha, hakuna mabishano. Inatumia picha za satelite. Ukipanda juu ya Kolwezi unaona karieri zenyewe, mashimo na milima ya udongo, sawa vile satelite ilizipiga. Hali ya hewa inaweza kufuata ile ya saa ile ile. Lakini Cessna 172 inayotolewa kwa bei ya chini ni ile ya ekrani za kisasa. Ile ya saa za mushale, ambayo mutu anaanza nayo katika shule nyingi, waliiweka kwa wale wanaolipa zaidi.

X-Plane ni ya Austin Meyer na Laminar Research, ya Marekani pia. Ndani yake, programu inakata kila bawa na kila panga la elise katika vipande vidogo, inahesabu nguvu ya hewa kwa kila kipande, mara nyingi kwa sekonde moja. Udongo wake si picha ya satelite, ni muchoro wa mufano, kwa hiyo usitafute nyumba yako pale. Kwa kuelewa ndege, iko na nguvu. Unaweza kuiambia iharibu motere kisha dakika 5, au kipimo cha mwendo kikufe ndani ya mawingu, na uone utafanya nini. Mutu wa usalama kazini anapenda kitu cha namna hii: kuzoea hatari pahali isipoua.

FlightGear ni ya bure. Ilianza mwaka 1996 na watu wa kujitolea, na mutu yeyote anaweza kufungua programu yake, kusoma namna iliandikwa na kuibadilisha. Picha zake ni za wastani, na menyu zake zinachosha mwanzo. Lakini Cessna yake ya kwanza inafanya jambo zuri: inaweza kukuomba uzunguke ndege mbele ya kuwasha. Utoe kamba na vibao vya magurudumu, upime oili, utoe esansi kidogo uangalie kama haina maji. Ni ile ile mwendesha kamio anafanya asubuhi na karatasi yake mukononi, mbele ya kupanda ngazi. Mutoto akizoea hii, baba yake anaweza kumueleza juu ya nini haturuke hata musitari mumoja.

Umeme, mega na mufuko

Tuje sasa ku jambo linaloamua kweli. Simulatere ya Microsoft ya 2020 ilitoka kwa dola 60 kwa bei ya chini, na ile ya juu dola 120. Inaomba nafasi ya giga 150 katika ordinatere. Dunia yake nzima haiwezi kuingia ndani ya mashine yako: ni zaidi ya giga milioni 2, inakaa katika ordinatere za Microsoft na inakuja kwa intaneti kadiri unavyoruka. Bila konekisio utaruka, lakini udongo unabaki wa kawaida, isipokuwa ulihifadhi eneo lako mbele.

Ile ya 2024 ilisukuma jambo hili mbali zaidi. Inaomba konekisio wakati wote, na kiwango cha chini walichoandika ni megabiti 10 kwa sekonde. Pigeni hesabu: bomba hilo likijaa saa 1 nzima, ni giga 4 na nusu. Kila muzazi anayenunua forfe anajua giga 4 na nusu ni nini katika mufuko wake. Tena siku ilipotoka, tarehe 19 mwezi wa 11 mwaka 2024, seva zilijaa, na hata watu wa Ulaya wenye fibre walikaa mbele ya ekrani wakingoja. Kama ni vile kule, kwetu mvua inapopiga antene itakuwa namna gani?

X-Plane 12 ilitoka karibu dola 60, unalipa mara moja. Unachagua sehemu ya dunia unayotaka, unaishusha mara moja pahali konekisio iko nzuri, kisha unaruka bila intaneti. Inafanya kazi katika Windows, Mac na Linux. Kuko demo ya bure yenye mipaka, na ninaomba wazazi waanze na ile, waone kama mashine yao inaweza. Inaomba karti ya picha isiyo ya zamani sana. Ordinatere ya ofisi ya okazio mara nyingi itashindwa.

FlightGear inakubali mashine ya zamani zaidi. Udongo wake unakuja kwa vipande, na Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zinaingia zote katika kipande kimoja cha digrii 10 kwa 10. Mutoto mumoja anashusha, anaweka ku kle USB, mutaa muzima unafaidika, bila kuiba, kwa sababu sheria ya FlightGear yenyewe inaruhusu kugawanya. Delestaje ikipita, ordinatere ndogo inayobebwa inatumia umeme kidogo, betri inasaidia. Mashine kubwa yenye karti ya picha ya nguvu inataka grupu, na grupu inataka esansi.

Nani anashika ufunguo?

Mutu wa sendika hawezi kunyamaza juu ya jambo hili. Mwezi wa kwanza mwaka 2009, Microsoft ilifunga studio ya Aces, ile iliyotengeneza simulatere yake kwa miaka mingi. Watumishi walifukuzwa. Walijaribu kurudi na kitu kidogo mwaka 2012, wakakiacha mwaka ule ule. Wapenzi wa muchezo ule walingoja paka 2020 kupata mupya wa kweli. Leo tena ufunguo uko kwao: siku watazima seva, dunia ile nzuri itabaki ukuta mutupu, hata kama ulilipa dola 120.

X-Plane ni ya mwenyewe pia, lakini kile ulichoshusha kinabaki mukononi mwako. FlightGear haina patroni anayeweza kuifunga. Tangu 1996 watu wanaondoka, wengine wanaingia, kazi inaendelea. Sisemi kitu cha bure ni kizuri siku zote. Kwa FlightGear, ukikwama hakuna mutu analipwa juu ya kukujibu, na ndege zingine ndani yake hazikumalizwa. Lakini mutu anayeishi na mushahara wa mwezi anapashwa kujua tofauti kati ya kununua kitu na kupanga kitu.

Kwa hiyo jibu langu kwa wazazi ni hili. Muanze na FlightGear, haiombi feza. Kama kisha miezi 6 mutoto angali anapanda na kutua kwa kufuata kitabu, bila kugonga ndege na kucheka, mutafute X-Plane na manete ya kuongoza. Ile ya Microsoft muiache kwa nyumba yenye konekisio ya kweli, ao kwa siku ya sikukuu ku rafiki.

Saa za ekrani si saa za hewani

Sasa neno kali. Kuko watu wanaouza ndoto. Muzazi mumoja wa ekipe yetu alilipa kwa senta moja, sitaitaja jina, karibu mushahara wa miezi 2. Waliahidi mutoto wake « formasio ya piloti ». Ndani mulikuwa ordinatere 4, muchezo ule ule munaoweza kununua, na mwisho karatasi yenye tampo. Karatasi ile haifungui mulango wowote.

Mujue hesabu. Leseni ya kwanza ya piloti wa kujifurahisha inaomba saa 40 za kuruka Marekani, saa 45 Ulaya, na ile ni chini kabisa. Kuko simulatere zinazohesabiwa kidogo katika formasio, lakini ni zile zilizokaguliwa na wakubwa wa anga, zenye vifaa maalumu na mwalimu pembeni. X-Plane iko na toleo linalotumiwa katika mashine za namna hiyo, lakini ile ya ku nyumba haihesabiwi hata dakika 1. Piloti anaandika saa za simulatere katika kolone yake na saa za hewani katika kolone nyingine, hazichanganywi. Tena, ili kufanya kazi katika safari za kimataifa anapashwa kufika kiwango cha 4 cha kiingereza kilichowekwa na shirika la dunia la anga. Kwetu leseni inatoka kwa Autorité de l'Aviation Civile. Muzazi aende kuuliza pale kama shule inatambuliwa, mbele ya kutoa franga moja.

Inchi yetu haina ruhusa ya kucheza na jambo hili. Tangu 2006 kampuni zetu za ndege ziko ku liste ya zile Ulaya inakataza katika anga yake. Mwaka 2008 ku Goma, ndege ilikosa kupanda, ikapita mwisho wa piste na kuingia katika mutaa wa watu. Mutoto anayependa ndege anapashwa kuambiwa ukweli: kazi hii inataka masomo marefu na nizamu, na muchezo unaweza tu kumuonyesha mulango uko wapi.

Na sisi wa mine?

Hili linatugusa siku zote. Leo mine nyingi za dunia zinafundisha waendeshaji katika simulatere: kabini, ekrani kubwa, pedale, na kamio ya tani 90 ya uongo. Mimi ninaunga mukono. Breki zikikufa ku rampe, ni heri zikufe kwanza ku ekrani. Moto ukishika motere, heri mutu azoee kutafuta kizima-moto pahali hakuna moto.

Lakini sosiete moja ilifanya kinyume cha mapiloti. Ilichukua saa za ekrani, ikaziweka pahali pa majuma ambayo mutumishi mupya alikuwa anatembea na formatere ndani ya kamio. Formasio ikawa fupi, bei ikashuka, na mutu anaachwa peke yake ku rampe yenye matope, usiku, na uzoefu wa chumba chenye klimatizere. Tuliuliza, wakajibu mashine ni ya kisasa. Hata katika ndege, pahali simulatere zinasimama juu ya miguu ya mashine na kufanana na ukweli kabisa, mapiloti wa kampuni kubwa wanarudi kukaguliwa ndani yake kila mara, mara nyingi kisha miezi 6, na bado piloti mupya anaruka kwanza na mukubwa pembeni yake.

Kwa hiyo delege anapashwa kuuliza mambo 3 siku simulatere inaingia ku kazi. Kwanza, saa ngapi zinabaki na formatere ndani ya kamio ya kweli? Pili, pointi za ekrani zinaonwa na nani: ni za kufundisha ao ni za kutafuta nani wa kufukuza? Tatu, saa hizo zinalipwa kama kazi, ao zinaibiwa ku mapumziko? Majibu yaandikwe katika mapatano, yasibaki maneno ya mukutano.

Mwisho ninaomba kitu kidogo. Miji yetu ya mine ilikuwa na ma-cercle na foaye za watumishi. Zingine ziko wazi paka leo. Katika kila moja, sendika na wazazi wanaweza kuweka ordinatere 1 nzuri, manete 1, FlightGear ndani, na X-Plane ya kulipa mara moja kwa wote. Siku ya posho kisha saa sita, mutu mumoja wa mekanike na mwalimu mumoja wa fizike wakae na watoto, wapande kutoka Luano, watue Kolwezi, waeleze kila jambo. Bei yake ikigawanywa kwa wazazi 20 ni ndogo kuliko ile muzazi mumoja alilipa kwa karatasi yenye tampo. Wale wanaotaka kuanza, wamuone delege wa ekipe yao; sisi tutatafuta chumba.